Vidole vya Kevini

Wambui, msichana wa Kenya tuliyefanya naye kazi kliniki, ndiye aliyenisukuma; mimi huniita Shosh, yaani bibi kwa lugha yao. Siku yangu ya mwisho kazini, keki imeshakatwa, aliniambia, "Shosh, hizo maneno zote ziko kwa kichwa yako, sisi tutabaki na nini? Andika." Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu kinatosha kuongea na mijusi tu, na wao hawajibu. Wambui atawasomea wengine. Asiyeelewa asisikitike. Mimi nimefanya kazi pale miaka kumi na moja na sehemu kubwa sikuielewa.

Nilisoma hadi darasa la tatu kule Burundi. Kiswahili nilikipatia kambini Tanzania, na kukisoma nikajifunzia humo humo, kwenye Biblia, kidole kikifuata mstari. Nilipofika Sydney nilikunja mashuka ya hospitali kwenye kiwanda cha kufulia kule Minto mpaka mgongo ukakataa. Mwanangu akaona tangazo: kliniki ya wanyama, Ingleburn, wanataka mtu wa usafi. Nikadhani ni ng'ombe. Ng'ombe nawajua.

Siku ya kwanza nesi Trung alinipeleka chumba cha nyuma. Masanduku ya vioo, kila sanduku na taa yake, na ndani ya kila moja mjusi mkubwa amekaa kama mgeni anayesubiri chai. Kwetu mjusi akiingia ndani anafukuzwa kwa ufagio. Hapa nikapewa ufagio nimfagilie. Wanawaita biadi, yaani wenye ndevu, na ndevu zenyewe ni miiba ya shingoni inayogeuka nyeusi wakikasirika. Mmoja, jina lake Dachesi, akainua mkono taratibu akaupunga. Nikampungia. Nimefundishwa tangu utoto kwamba anayekusalimia umjibu. Nilimpungia kila asubuhi, wiki tatu, kabla Trung hajanieleza kwamba mjusi akipunga hivyo anasema, wewe ni mkubwa, usinidhuru. Na mimi nilikuwa namjibu yale yale. Tulikuwa wawili tunaogopana kwa adabu.

Trung ndiye aliyenifundisha kazi, kwa hiyo nimweleze. Ni mtu wa Vietnam, mwembamba, hacheki upesi. Aliniita "Ba". Mwezi mzima nilijiuliza kwa nini kijana huyu ananiita baba, na mimi nimevaa kitenge. Nikamwambia, "Trung, mimi ni mwanamke." Akashtuka, akasema anajua. Kumbe kwao "ba" ni bibi. Mpaka leo akiniita, sehemu moja ya kichwa changu inageuka kutafuta mwanamume.

Mwezi wa pili nikapandishwa kutoka sakafuni hadi kwenye mabeseni ya kuogeshea mijusi. Hilo la kupandishwa tuliache. Siku hizo alikuja mama mmoja mzungu, anaitwa Leanne, akasema mezani kwamba mjusi wake ana "stuck shed". Mimi "shed" nililijua: lile banda la bati la uani la kuwekea vifaa. Nikaelewa mjusi amekwama bandani. Nikatoka nje mbio, nikafungua banda letu, nikasogeza ndoo, ngazi, na mti wa Krismasi wa plastiki. Nikarudi nikamwambia, "Mama, hayumo. Nimetafuta kote." Leanne akanitazama. Mjusi alikuwa mkononi mwake. Kumbe "shed" ni pia ile ngozi mjusi anayojivua. Ilikuwa imegoma kutoka kwenye vidole. Ngozi na banda, neno moja! Nani aliyepanga lugha hii?

Lakini hapo ndipo nilipofundishwa vidole, na ninyi mnaobaki mnisikilize vizuri. Ngozi ya zamani ikibaki kwenye kidole inakauka na kusinyaa, inabana kama pete ya mtu aliyenenepa. Kidole kinavimba mbele ya pete, kinageuka rangi, na kikiachwa kinakauka na kudondoka. Trung alinionyesha: maji ya vuguvugu kwenye beseni, yasipite mabega ya mjusi, maana akichoka hutaki azame. Robo saa, unamshika tumbo kwa kiganja. Halafu mswaki laini wa mtoto, unasugua kuelekea kwenye kucha. Usivute. Ngozi kavu ukiivuta unaondoka na kucha, pengine na kidole. Isipotoka leo, itatoka kesho. Trung alipimia maji kwa kipimajoto, mimi nilipimia kwa kiwiko kama tunavyoogesha watoto. Tulishindana wiki nzima, kiwiko changu hakikukosea hata mara moja. Hata hivyo ninyi tumieni kipimajoto. Viwiko vyenu sivijui.

Kuna vidole vingine ambavyo beseni haliwezi. Vya yule Dachesi wa kunipungia, aliyekuwa amelazwa kwetu, vilikuwa vimepinda, kimoja juu, kimoja pembeni, kama mtu anayejaribu kushika kitu ambacho hakipo. Mwenye mjusi alikuwa mzee Graham wa St Marys, mjane, mtu mzuri sana. Alimweka dirishani apate jua. Dokta wetu, Helen, akamweleza kwamba kioo kinapitisha mwanga lakini kile cha kujenga mifupa kinakizuia, kwa hiyo Dachesi alikuwa anaota jua bure. Mzee Graham akalia. Akasema, "Nilimpa dirisha langu zuri kuliko yote." Alipewa taa maalumu, na unga wa kalsiamu wa kunyunyizia nyenje kabla Dachesi hajawala. Baada ya miezi mifupa ikawa migumu, akaanza kupanda gogo lake. Vidole havikunyooka tena. Nilimuuliza Dokta Helen, sasa amepona au hajapona? Akasema, "Amepona hivyo hivyo, Daforoza." Neno hilo nimelibeba na bado sijui nilitue wapi.

Sasa Kevini.

Mama Solange ni Mkongo, mtu wa Bukavu, anakaa Minto, anafanya kazi ya kutunza wazee. Tulijuana kanisani. Alikataa kuniita Bibi kama wengine, kwa sababu kwao bibi ni mke wa mtu, akaniita Mama Mukubwa. Alikuwa na binti mmoja, Nadine. Nadine alipokwenda chuo kule Armidale, bweni halikupokea wanyama, basi akamwachia mama yake mjusi wa ndevu anayeitwa Kevin. Sisi tulisema Kevini. Alimwachia na neno moja: nikirudi nataka nimkute vile vile.

Mama Solange alimwogopa mjusi yule kuliko shetani. Alimlisha kwa kijiko cha mbao kirefu, uso ameugeuza pembeni. Nikamuuliza kwa nini alikubali. Akaniambia tumesimama nje ya kanisa, watu wanapita:

"Mama Mukubwa, mutoto yangu akipiga simu, hasemi na mi kitu. Ananielewa Swahili yote, lakini anajibu Kingereza, tena mbio. Anauliza tu, 'How's Kevin?' Basi mi namuelezea Kevini. Amekula. Amelala. Dakika kumi! Huyu nyama akikufa, ile simu itanyamaza."

Nikamshika mkono.

Siku ya Jumatatu moja, asubuhi, simu ya mapokezi ikalia. Kylie, yule dada wa mapokezi, akaniita: "Daforoza, ni Kiswahili chenu." Nikapokea na glavu zangu za maji. Mama Solange alikuwa anahema.

"Mama Mukubwa, vidole vya Kevini vimekufa!"

"Vingapi?"

"Viwili, mguu wa nyuma. Vimekufa kabisa. Nimegusa na kijiko, hasikii."

Dokta Helen alikuwa amesimama karibu, chati mkononi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, vidole viwili, "dead". Akauliza, ni vyeusi? Nikamuuliza Mama Solange. Vyeusi, akasema, pale katikati. Mimi nikatafsiri "vyeusi", lile la katikati likabaki mdomoni kwangu. Dokta Helen akafikiri kidogo. Akasema basi vimeshakauka, vitadondoka vyenyewe, havimuumi tena, hakuna haraka. Amweke kwenye karatasi safi, aondoe mchanga, amlete Alhamisi. Nikamwambia Mama Solange hayo yote. Akatulia. Mimi pia nikatulia, nikarudi kwenye mabeseni yangu nikiwa mtu mwenye manufaa.

Alhamisi alimleta kwenye boksi la viatu lenye matundu. Dokta Helen akavaa miwani yake ya kukuzia, akakamata mguu. Kisha akasema, siyo kwa ukali:

"Nani alisema vimekufa?"

Vidole vilikuwa vimevimba kama maharage yaliyolowa. Kimoja kilikuwa cha zambarau, na alipokibana na kibano kidogo Kevini alivuta mguu. Kilikuwa hai. Kile kingine hakikuvuta.

"Mama Solange," nikasema, "si uliniambia vimekufa?"

"Nilisema vimekufa! Vile mguu inakufa ukipiga magoti mingi kanisani. Vimekufa, hasikii. Si kufa ya kufa!"

Ninyi mnaosoma Kiswahili mmeshaelewa. Mimi mwenyewe kila Jumapili nikiinuka kwenye benchi nasema mguu wangu umekufa, na sijauzika hata mmoja. Gari linakufa, simu inakufa, mguu unakufa ganzi, halafu vyote vinafufuka. Neno hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Sasa kwa nini, lilipopita mdomoni mwangu likielekea kwenye Kiingereza, lilitoka limevaa sanda? Sijui. Nimelifikiria sana. Labda nilitaka kujibu haraka ili Dokta aone najua.

Nikamweleza Dokta Helen, kwa shida, kwa mikono. Nilikaa juu ya mguu wangu mwenyewe kumwonyesha. Akaelewa. Akasema, "Nilipaswa kuwaambia watume picha. Hilo ni kosa langu." Mama Solange akasema kosa ni lake. Mimi nikasema ni langu. Trung akasema jamani, mjusi. Tukarudi kwa mjusi.

Sasa lile jeusi la katikati. Dokta Helen alidhani ni ngozi iliyobana. Akalowesha, akapaka mafuta, akaingiza ncha ya kibano. Ukatoka uzi, mwembamba sana, mweusi, unang'aa. Akaushika kwenye taa. "Hii siyo ngozi. Ni nini hii?" Trung akasema labda ni uzi wa zulia. Dokta akasema labda ni nywele za mbwa. Mama Solange akasema hana mbwa.

Mimi nikauona tu nikajua. Wanawake wote wa kwetu wangejua. "Rasta," nikasema. "Nywele za kusukia."

Mama Solange akakaa kwenye kiti. Jumamosi zote anasukia watu pale sebuleni kwake, masista wa kanisa, wanawake wenzetu, si watawa, na nywele zile za bandia hata ufagie vipi zinabaki kwenye zulia, zinajificha. Hazikatiki, mnajua. Tunazichagua kwa sababu hazikatiki. Kevini alikuwa anatembea humo, zikamzunguka vidole viwili, na alipojivua ngozi zikajikaza chini yake. Dokta Helen alizikata moja moja. Nilihesabu nyuzi saba. Nilishika taa mpaka ya mwisho.

Dokta alisema wazi: kama wangeziondoa Jumatatu, pengine vyote viwili vingepona. Sasa kimoja kina nafasi. Kingine hakijulikani.

Kuanzia siku hiyo nilikwenda kwa Mama Solange kila jioni nikitoka kazini, nikipanda treni hadi Minto, kituo kimoja tu. Hakuna aliyenituma. Alikuwa na dawa ya maumivu na dawa ya vidonda, na kazi ya kuogesha mguu mara mbili kwa siku. Jioni ya kwanza alisimama mlangoni mwa bafu.

"Mufanye weye, Mama Mukubwa. Mi nitatazama."

"Na asubuhi nani atamshika? Mimi nitakuwa Ingleburn."

"Nitavaa glavu."

"Vaa."

"Za jikoni, zile za moto."

"Vaa hata sufuria kichwani, lakini mshike."

Akamshika na glavu nene za kutolea mikate kwenye oveni. Kevini akafumba macho. Jioni ya nne glavu zilikuwa nyembamba. Wiki ya pili sikuona glavu. Alikuwa anampimia maji kwa kiwiko, na anamwimbia nyimbo za kwaya, sauti ya pili tu, maana ndiyo sauti anayoimba. Zulia alilitoa nje. Masista wakasukwa jikoni kwenye vigae, wakilalamika baridi.

Kidole cha pembeni kilirudi polepole, zambarau ikawa kahawia, kahawia ikawa kama mchanga. Kilibaki kimepinda kidogo. Kidole cha katikati kilikauka, na asubuhi moja Mama Solange alikikuta kwenye karatasi. Alinipigia simu kazini. Hakutumia neno lolote la kufa. Alisema, "Kimoja kimejitoa." Alikuwa amekiweka kwenye kiberiti.

Kila Nadine alipopiga simu akiuliza Kevin yukoje, mama yake alimwambia, amekula, amelala. Nikamwambia hiyo siyo sawa. Akasema, "Ana mtihani. Nitamuambia akifika." Lakini hakuwa na raha, nilimwona kwenye mikono, kila mara ikikunja ukingo wa kitenge.

Nadine akarudi likizo ya baridi. Siku ya kukaguliwa mguu walikuja wote wawili. Ni msichana mrefu, mpole, ana macho ya mama yake. Alimtoa Kevini mwenyewe, akageuza mguu, akahesabu kwa ncha ya kidole. Akahesabu tena.

"Mum. Where's his toe?" Anauliza kidole kiko wapi.

Mama Solange akanitazama mimi. Nikafungua mdomo, nikaeleza yote kwa Kiingereza changu, neno "dead", rasta, Jumatatu hadi Alhamisi. Nikasema kosa lilianzia kwangu. Nadine alisikiliza. Kitu kilichomshangaza hakikuwa kidole. Alimtazama mama yake, akauliza, kwa Kiingereza, "Ulimshika? Wewe? Kwa mikono yako?"

"Mara mbili kwa siku," Mama Solange akasema.

Nadine akanigeukia mimi, akaanza kusema mbio mbio. Kwamba muhula ujao anahamia nyumba ya kupanga, wanaruhusu wanyama, anataka kumchukua Kevini aende naye Armidale. "Tell her, Bibi. Please. Tell her it's not because of the toe." Nimwambie mama yake mimi, kwamba siyo kwa sababu ya kidole.

Mama Solange alikuwa ameshaelewa, kwa sababu "Armidale" haihitaji mkalimani. Mikono yake ikaanza tena ile kazi ya kukunja ukingo wa kitenge. Na mimi nilikuwa katikati yao kama nilivyokuwa siku ya Jumatatu, na glavu zile zile za maji. Maneno niliyajua. Yalikuwa mepesi kabisa.

"Mwambie mwenyewe," nikasema.

"My Swahili's terrible," akasema, yaani Kiswahili chake kibovu.

"Ya mama yako pia. Sema."

Nadine akaona haya. Akalamba midomo. "Mama," akasema, "Kevin... ni yangu. Nataka... nitaenda naye."

Mama Solange alinyoosha mkono, bila glavu, akauweka mguu ule wa nyuma juu ya kidole chake cha shahada.

"Kevini ni yako," akasema. "Lakini hii miguu ni yangu. Mi ndiye niliyeiogesha. Kila siku utanipigia, uniambie miguu iko namna gani. Kidole kwa kidole."

"Kila siku?"

"Kila siku. Viko kumi na tisa. Anza sasa, nisikie kama unaweza."

Nadine akamgeuza Kevini tumbo juu ya mkono wake, akaanza na mguu wa mbele. Moja. Mbili. Tatu. Alikwenda vizuri hadi kumi, kisha akasimama, akakunja uso, akanitazama mimi. Nikachukua beseni nikaanza kulikausha. Lilikuwa limeshakauka. Nyuma yangu mama yake akasema, "Kumi na moja," na Nadine akarudia, "Kumi na moja," na wakaendelea hivyo, mguu kwa mguu.